Viti Vinavyokifaa Chumba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Viti vingi huchaguliwa kwa macho, ilhali vinatumiwa na mgongo, mapaja na magoti. Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila mtu anapotaka kununua viti vya nyumbani, kuvitengenezesha kwa fundi au kuvipanga upya. Vipimo vyote ni vya sentimita, kwa hiyo uwe na futi ya kupimia mkononi.

Nianze na kiti au nianze na chumba?

Anza na watu, kisha chumba, kiti kije mwisho. Wengi huenda kinyume: wanakiona kiti, wanakipenda, wanakibeba, halafu wanaanza kuhangaika wapi kitakaa na nani atakikalia.

Jiulize kwanza nani atakikalia zaidi, kwa muda gani bila kuinuka, na akifanya nini. Kiti cha mezani hukaliwa nusu saa au saa moja, mwili ukiwa wima na mikono ikifanya kazi mbele. Kiti cha kusomea huweza kukaliwa saa mbili, na baada ya dakika chache shingo huanza kutafuta pa kupumzikia. Kiti cha karibu na mlango, cha kukalia unapovaa viatu, hakikaliwi zaidi ya dakika mbili, na hapo sponji nene na egemeo refu ni kupoteza nafasi na fedha bure.

Kama kiti ni cha mtu mmoja, mwenyewe ndiye akichague, tena kwa kukikalia. Kama ni cha watu wote, naamini kipimwe kwa aliye mfupi kuliko wote kati ya watu wazima wa nyumba hiyo. Mrefu akikalia kiti kifupi kidogo ananyoosha miguu mbele na mambo yanakwenda. Mfupi akikalia kiti kirefu miguu yake inaning’inia, na hana la kufanya.

Chumbani nipime nini hasa?

Urefu na upana wa chumba ni mwanzo tu. Kinachoamua kama chumba kitakalika ni nafasi itakayobaki tupu baada ya viti kuingia. Pima mlango unafungukia wapi na unachukua eneo gani, dirisha liko juu ya sakafu kwa kiasi gani, soketi za umeme ziko wapi, na watu hupita njia gani kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Njia kuu ya kupita ndani ya chumba ipewe upana wa sentimita 90 hivi. Ukibanwa unaweza kushuka hadi 75, lakini chini ya hapo mtu aliyebeba sinia au mtoto ataanza kupita kwa ubavu. Kati ya kochi na meza ndogo ya mbele yake acha sentimita 40 hadi 45: mkono unafika kwenye kikombe, na magoti hayagongi. Nyuma ya viti vya mezani, pima kutoka ukingo wa meza hadi ukutani. Sentimita 90 zinamtosha mtu kusogeza kiti na kuinuka. Kama kuna watu watakaokuwa wakipita nyuma ya aliyekaa, tafuta 110 hadi 120.

Baada ya hapo tandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa halisi wa kila kiti unachokifikiria, kikiwa kimesogezwa nje kama kinavyokuwa mtu anapoinuka. Yaache hapo siku nzima na muendelee na shughuli zenu. Mkijikuta mnayakanyaga kila mnapopita, kiti hicho ni kikubwa mno kwa pale, hata kama kwenye karatasi hesabu ilikubali.

Jambo moja linasahaulika sana: urefu wa egemeo ukilinganisha na dirisha. Egemeo linalopanda juu ya kizingiti cha chini cha dirisha linazuia mwanga na upepo, na chumba huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Sebule yangu ni ndogo. Ni lazima ninunue seti nzima ya makochi?

Hapana. Seti ya kochi la watu watatu, la wawili na vya mtu mmoja viwili ilibuniwa kwa chumba kikubwa. Ukiibana kwenye chumba kidogo unapata mahali pa kuketi watu saba na hakuna pa kupita hata mmoja.

Itazame mikono ya makochi. Mkono mmoja mnene huchukua sentimita 20 hadi 25. Kochi moja lina mikono miwili, na ukiweka viti viwili vya namna hiyo kando yake unakuwa umetoa zaidi ya mita nzima ya chumba chako kwa ajili ya mikono peke yake, mahali pasipokaliwa na mtu. Kochi lenye mikono myembamba au lisilo na mikono kabisa linaweza kukupa nafasi ya mtu mmoja zaidi bila kuongeza ukuta.

Cha pili ni miguu. Kochi lililokaa moja kwa moja sakafuni hulizuia jicho, lakini kiti kilichoinuliwa kwenye miguu myembamba huacha sakafu ionekane chini yake, na macho huhesabu sakafu yote yanayoiona kuwa ni nafasi. Viti vyenye egemeo la fito au la henzerani hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa unaona hadi ng’ambo. Mfano mzuri wa zamani ni kiti namba 14 cha fundi wa samani Michael Thonet, kilichoanza kutengenezwa mwaka 1859. Ni vijiti vilivyolainishwa kwa mvuke na kupindwa, vipande 6, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vikiwa vimefunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Umbo lake bado linatengenezwa leo, na kwenye chumba finyu bado linashinda viti vingi vipya kwa wepesi.

Kwa sebule ndogo mimi ningechukua kochi moja zuri la watu wawili au watatu, kiti kimoja chepesi kinachosogezeka kwa mkono mmoja, na vigoda viwili vinavyoingia chini ya meza. Wageni wakija vinatoka, wakiondoka vinarudi.

Na sebule kubwa?

Viondoe viti ukutani. Viti vilivyopangwa kuzunguka kuta nne humfanya kila anayezungumza apaze sauti, na katikati hubaki uwanja usio na kazi. Vikusanye katikati vitazamane, mtu aweze kumsikia mwenzake kwa sauti ya kawaida, na njia ya kupita iwe nyuma yao. Zulia moja lililoingia chini ya miguu ya mbele ya viti vyote hutosha kuonyesha kwamba hapo ndipo pa kukaa.

Kiti kinatakiwa kiwe na kimo gani?

Kaa juu ya kitu kigumu, nyayo zikiwa zimelala sakafuni na magoti yamekunjwa sawasawa. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti. Hicho ndicho kimo cha kiti kinachokufaa. Viti vingi vya mezani viko kati ya 43 na 48, na 45 ndicho kinachoonekana zaidi. Makochi huwa chini kidogo ya hapo.

Kiti kikiwa kirefu mno, ukingo wake wa mbele hubana mapaja kwa chini na baada ya muda miguu hufa ganzi. Kikiwa kifupi mno, magoti hupanda, uzito wote huangukia makalio, na kuinuka kunakuwa kazi. Usipime kiti laini kikiwa kitupu, kwa sababu sponji hushuka sentimita kadhaa mtu anapokaa. Mwache mtu akae, kisha upime.

Lakini mara nyingi mkosaji si kimo, ni kina, yaani umbali kutoka ukingo wa mbele hadi kwenye egemeo. Watu wanasema “kochi hili linaniumiza mgongo” na kulaumu sponji, kumbe kikalio kina sentimita 60 na mapaja yao yanahitaji 48. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili tu: akae mbele bila kuegemea, au aegemee na kuteleza hadi kiuno kipinde. Kipimo ni rahisi. Egemea kabisa, kisha tazama nafasi kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti lako. Vidole viwili au vitatu viingie. Visipoingia, kina kimezidi. Kwa viti vya mezani 40 hadi 45 hutosha, na makochi mengi huwa 50 hadi 60. Kochi ulilonalo likikushinda kwa kina, mto mgumu nyuma ya kiuno hulirekebisha bila fundi.

Egemeo nalo lina mlalo wake. Mezani linalala kidogo tu, kama digrii 95 hadi 100 kutoka kwenye kikalio. La kupumzikia hufika 105 hadi 110. Ndiyo maana kiti cha kupumzikia ukikileta mezani unajikuta unakivizia chakula kutoka mbali.

Meza yangu itaingia viti vingapi?

Mpe kila mtu sentimita 60 za ukingo wa meza. Meza ya mstatili yenye urefu wa 180 huchukua watatu kila upande, na mmoja mmoja kwenye ncha kama miguu ya meza inaruhusu. Usipime ubao wa juu peke yake, pima pia kati ya mguu na mguu, maana viti huingia hapo. Meza ya duara yenye kipenyo cha 120 huwakalisha wanne kwa raha na sita kwa kubanana.

Kati ya kikalio na ubao wa meza pawe na sentimita 25 hadi 30. Meza nyingi zina kimo cha 72 hadi 76, ndiyo sababu kiti cha 45 kinaendana nazo. Ukinunua viti peke yake kwa ajili ya meza uliyonayo, hiki ndicho kipimo cha kubeba mfukoni.

Ukitaka kuweka zulia chini ya meza, lizidi ukingo wa meza kwa sentimita 60 kila upande. Likiwa dogo kuliko hapo, miguu ya nyuma ya kiti itakuwa inaanguka nje ya zulia na kukwama kila mtu anapojisogeza.

Viti vya mezani viwe na mikono?

Vikiwa viwili tu, kwenye ncha za meza, ni vizuri. Kwa viti vyote sishauri, isipokuwa nyumba ina watu wanaohitaji mikono ya kuinukia. Vinahitaji upana zaidi, na mara nyingi mikono hugonga ubao unaopita chini ya meza, kiti kikabaki nje kikizuia njia. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya ubao huo, na mikono ya kiti iwe chini ya kimo hicho.

Stuli ndefu za kaunta ya jikoni je?

Kaunta ya sentimita 90 inataka stuli ya 60 hadi 65. Ile ya juu, ya 105 hadi 110, inataka stuli ya 75 hivi. Hakikisha ina mti au chuma cha kuwekea miguu, la sivyo hakuna atakayekaa zaidi ya dakika kumi. Kama kuna watoto wadogo, stuli nyembamba na ndefu ningeziacha kwa sasa.

Mzee wetu anapata shida kuinuka kwenye kochi. Tumnunulie kiti cha namna gani?

Swali hili linastahili kupewa uzito kuliko yote, kwa sababu kiti kibaya kinaweza kumfanya mzee aonekane hajiwezi wakati anajiweza. Anayeinuliwa na watu kila siku kutoka kwenye kochi laini na la chini huenda angeinuka mwenyewe kwenye kiti kinachomfaa.

Tazama mwili unavyoinuka. Kwanza mtu husogea mbele kwenye kiti, kisha huvuta nyayo nyuma hadi zije chini ya magoti au nyuma yake kidogo, huinamisha kifua mbele, husukuma kwa mikono, ndipo anasimama. Kiti chema husaidia kila hatua ya hizo.

Kwa hiyo kikalio kiwe juu kidogo kuliko kawaida, kati ya 45 na 50 kulingana na urefu wake, ili nyonga zisiwe chini ya magoti. Kiwe kigumu kiasi, kisimmeze. Kina kiwe kifupi. Chini ya ukingo wa mbele pawe wazi, kusiwe na ubao wala droo, ili nyayo ziweze kurudi nyuma. Hili makochi mengi hulikosa, na hakuna anayelitambua mpaka aambiwe. Mikono ya kiti iwe imara, ifike hadi ukingo wa mbele, na iwe na mahali pa kushika. Mkono unaoishia katikati ya kiti hausaidii, maana mzee husukuma akiwa ameshasogea mbele. Kimo chake kutoka kwenye kikalio kiwe kama 18 hadi 25, viwiko vikae bila mabega kupanda.

Kiti kisiteleze wala kisiwe na magurudumu. Na hata mkishapima kila kitu, mwiteni mwenyewe akikalie na kuinuka mara kadhaa kabla hamjalipa. Akisita, tafuteni kingine.

Kama hamna uwezo wa kununua kipya, kochi lililopo linaweza kuinuliwa kwa vitalu vya mbao vilivyochongwa kishimo cha kuingiza mguu usiteleze, na chini ya mto mkawekwa kipande cha plaiwudi kuzuia kudidimia.

Nyumba ina watoto wadogo. Nizingatie nini?

Kiti kipana chini, kisichopinduka mtoto anapokipanda upande mmoja. Mjaribie wewe: kanyaga ukingo na uone kama kinanyanyuka. Viti visikae chini ya dirisha linalofunguka, kwa kuwa kwa mtoto kiti ni ngazi. Mifuniko ya mito iwe na zipu ili ivuliwe na kufuliwa.

Nichague kitambaa gani?

Inategemea jua, jasho, wanyama na nani anamwaga nini.

Pamba na kitani hupitisha hewa, hivyo havishiki mwili siku za joto, lakini hunywa kila kinachomwagika na rangi yake hufifia upesi kwenye jua. Poliesta hustahimili msuguano na jua kuliko pamba, nayo hukauka haraka, ila baadhi ya aina zake huchosha ngozi kwenye joto. Mchanganyiko wa pamba na poliesta mara nyingi ndio suluhisho la nyumba yenye watu wengi. Mahameli hupendeza, lakini huonyesha alama ya kila aliyekaa. Paka akiwepo ndani, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nene zenye matundu ni mwaliko kwa kucha zake, ilhali chenye uso laini uliobana hakimvutii sana.

Ukiona kwenye lebo neno Martindale na tarakimu, ujue ni kipimo cha msuguano: kitambaa husuguliwa na mashine hadi nyuzi zianze kukatika, kisha misuguo huhesabiwa. Kwa kiti cha nyumbani cha matumizi ya kawaida 15,000 na zaidi yatosha. Kwa kochi linalokaliwa na familia nzima kila siku tafuta 25,000 na kuendelea.

Ngozi halisi hugharimu zaidi na huzeeka vizuri ikiwekwa mbali na jua kali. Kuhusu ngozi bandia nitasema wazi: ile ya poliyurethani ya bei nafuu huanza kubanduka magamba baada ya miaka michache, hasa penye joto na unyevu, kwa sababu unyevu wenyewe huivunjavunja. Ikishaanza haishoneki wala haibandikiki. Kama bajeti inafika kwenye ngozi bandia tu, kitambaa kizuri cha poliesta kwa fedha hizohizo kitadumu zaidi.

Kabla ya kuamua, omba kipande cha kitambaa, kiende nyumbani, kiwekwe palepale kiti kitakapokaa. Kitazame asubuhi, mchana na usiku taa zikiwaka. Rangi ya kijivu dukani huweza kuwa ya zambarau chini ya taa yako.

Nitajuaje kama kiti ni imara kabla ya kukinunua?

Kipindue. Uzuri uko juu, ukweli uko chini.

Tazama miguu inavyoungana na fremu. Kiungo cha ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa kuingia kwenye tundu la mwingine, au cha vijiti vya mbao vilivyogundishwa, hubeba mtikisiko wa kila siku kwa miaka mingi. Misumari mitupu hulegea. Skrubu zinazoshika kwenye chipibodi hufanya kazi vizuri mwanzoni, kisha unga wa mbao humomonyoka kwenye tundu na hazishiki tena. Pembeni, kwa ndani, angalia kama kuna kipande cha mbao cha pembetatu kilichobanwa kwa gundi na skrubu. Kipande hicho kidogo ndicho kinachozuia kiti kuyumba.

Fuata nyuzi za mbao kwenye mguu wa nyuma, hasa kama umepinda. Nyuzi zikiandamana na urefu wa mguu, ni sawa. Zikikatiza na kutokea ubavuni, hapo ndipo utakapovunjika. Fundo kwenye mguu nalo ni kasoro, hata kama vanishi imelifanya lionekane pambo. Ukitengenezesha kwa fundi, muulize mbao zimekaushwa vipi. Mbao mbichi husinyaa kwa upana wake zikikauka, tundu na ulimi vikaachana, na kiti kilichotoka kikiwa imara kikaanza kulia kabla ya mwaka.

Kwa kochi kuna jaribio moja lisilodanganya. Shika mguu mmoja wa mbele uunyanyue kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele unapaswa kuwa umeshaondoka sakafuni. Ukibaki chini, fremu inajipinda, na itaendelea kujipinda kila mtu anapokaa.

Baada ya hapo kaa. Jitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Sikiliza.

Sponji nzuri naitambuaje?

Usichanganye ugumu na uzito. Sponji inaweza kuwa laini na bado ikadumu, au ngumu na ikabonyea mapema. Kinachoipa maisha ni uzito wake kwa mita ya ujazo: kwa kikalio ulizia kilo 30 au zaidi. Ya kilo 20 au chini yake iache kwenye egemeo, ambako hakuna uzito mkubwa. Muuzaji asipojua, fungua zipu, bonyeza kwa kiganja kwa nguvu, uachie. Ikirudi upesi na kujaa, ni dalili njema. Mto mkubwa ulio mwepesi ajabu mkononi si mto wa kununua.

Viti vyote vya chumba vifanane?

Si lazima, lakini viwe na undugu. Chagua jambo moja la kuviunganisha: rangi ya mbao, kimo cha egemeo, au kitambaa. Mezani unaweza kuchanganya viti vya maumbo tofauti mradi vikalio vyote viwe na kimo kimoja, kwa sababu tofauti ya sentimita tatu tu mezani huhisiwa na kila aliyekaa. Rangi kali iweke kwenye kiti kimoja kidogo au kwenye mito, vitu ambavyo ukivichoka unavibadilisha. Kochi kubwa lipewe rangi utakayoishi nayo.

Chumba cha kulala kinahitaji kiti?

Kikiwa na nafasi, ndiyo: kimoja, chepesi, cha kuvalia. Kikiwa kikubwa na chenye mikono kitageuka mahali pa kurundika nguo.

Nafanya kazi nyumbani. Kiti cha meza ya chakula kinatosha?

Kwa saa moja, ndiyo. Kwa siku nzima, hapana, na mwili utakudai baadaye. Hapa ndipo ningeshauri utumie fedha kuliko sebuleni.

Tafuta kiti kinachopandishwa na kushushwa, chenye egemeo linalojaza mbonyeo wa kiuno, na kitako cha matawi matano, kwa kuwa cha manne hupinduka kirahisi zaidi. Rekebisha kwa mpangilio huu: kwanza kimo, hadi viwiko vikunjike kama pembe mraba juu ya meza na mabega yashuke. Kama sasa nyayo hazigusi sakafu vizuri, usikishushe kiti, weka kitu imara chini ya miguu. Kisha sogeza egemeo liguse kiuno. Mwisho inua kompyuta hadi ukingo wa juu wa skrini ufike usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooka. Mikono ya kiti ikigonga meza na kukuzuia kusogea karibu, ni bora iondolewe.

Na hata kiti kiwe bora namna gani, inuka mara kwa mara. Misuli haikuumbwa kutulia.

Viti vya henzerani vinafaa ndani?

Vinafaa sana penye joto, kwa sababu hewa hupita. Ubaya wake ni kulegea kwenye kikalio. Henzerani iliyofumwa ikilegea bila kukatika, ilowanishe kwa maji upande wa chini, uiache ikauke polepole bila kukaliwa, nayo hukaza tena. Usiiweke kwenye jua la moja kwa moja kila siku, hukauka na kupasuka.

Vya barazani navyo?

Mtiki una mafuta yake ya asili yanayoukinga na maji, hubadilika kuwa kijivu bila kuoza. Alumini haishiki kutu kama chuma. Plastiki ni nyepesi na husafishika, ila jua huifanya iwe kavu na ya kukatika, hivyo iliyopauka sana na kuanza kutoa nyufa kwenye miguu isikaliwe tena. Mito ya nje iingizwe ndani usiku.

Viti vilivyotumika ni salama kununua?

Vya mbao tupu, ndiyo, na mara nyingi utapata mbao na ufundi bora kuliko vipya vya bei hiyo. Vyenye kitambaa kagua kwa tochi kwenye mishono, chini ya mito na mahali kitambaa kilipopigiliwa chini ya fremu. Vidoa vidogo vyeusi vilivyokusanyika, maganda mepesi ya rangi ya kahawia au wadudu wenyewe ni kunguni, na hapo usijadiliane bei, ondoka. Kama kitambaa kimechakaa lakini fremu ni nzima, hesabu gharama ya fundi, sponji na kitambaa kabla ya kukubali, si baada.

Nitajuaje kama kochi litapita mlangoni?

Pima upana wa mlango ukiwa wazi, ukitoa unene wa ubao wenyewe kama haufunguki kabisa. Pima pia korido, kona za ngazi na kimo cha dari kwenye kona hizo. Kwa kawaida kochi huingia likiwa limelazwa au limesimamishwa wima, hivyo linganisha mlango na kimo na kina cha kochi, si urefu wake. Uliza kama miguu inafunguka. Kona ndiyo inayokwamisha watu zaidi kuliko mlango.

Kiti changu cha mbao kimelegea. Nikipige msumari?

Tafadhali usifanye hivyo. Msumari hupasua ulimi uliomo ndani na kumzuia fundi atakayekuja baadaye. Kitenganishe kiungo kwa kukigonga taratibu na nyundo ya mpira au kwa kuweka kitambaa kati. Kwangua gundi yote ya zamani hadi mbao zionekane, kwa kuwa gundi mpya ya mbao haishiki juu ya ile iliyokauka. Paka gundi pande zote mbili, unganisha, kiweke kiti kwenye sakafu iliyo sawa ili miguu yote minne iguse, kisha kifunge kwa kamba inayozunguka miguu na kuikaza kwa kuisokota na kijiti. Futa gundi iliyochuruzika kwa kitambaa chenye unyevu, na usikikalie kabla ya saa 24.